Nesi Mkuu na Kanuni ya Saba

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa chini kabisa, chumba cha nyuma, na dirisha langu linatazama bustani ya jengo letu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniita mmbea. Mmbea hutafuta habari. Mimi habari hujileta zenyewe zikasimama mbele ya cherehani yangu, upande ule ule ninaopatia mwanga. Nifumbe macho nijishone kidole?

Basi msimu ule wote, habari iliyosimama pale ilikuwa ya Nesi Mkuu.

Nesi Mkuu alistaafu miaka tisa iliyopita, lakini alipotoka hospitali alitoka nayo. Anakaa ghorofa ya kwanza, juu ya kichwa changu, na kila alfajiri nasikia visigino vyake vikikizunguka kitanda: anatandika shuka na kukunja pembe zake kama alivyofundishwa akiwa msichana, ingawa hakuna daktari atakayepita kukagua. Alimzika mume mpole ambaye, kwa jinsi watu wa jengo wanavyomsimulia, alikuwa akiomba ruhusa ya kukohoa. Watoto wake wawili wana nyumba zao mbali, na kila Jumapili wanampigia simu kutoa ripoti. Nusu ya watu wa mtaa huu amewahi kuwachoma sindano, mimi nikiwemo. Ukikutana naye anakutazama usoni, lakini unajua kabisa kwamba anakukumbuka upande mwingine.

Bustani ni kazi yake. Nyuma ya jengo palikuwa na vipande vya matofali, makopo, na godoro moja lililokuwa limekaa pale muda mrefu kuliko wapangaji wengi. Yeye ndiye aliyetugongea milango, akatutoa na makoleo, tukapiga matuta kumi na mawili, tuta moja kwa kila mlango. Msimu wa kwanza kila mtu alilima lake, na tulikaribia kuuana. Dereva wa lori akirudi safari alizimwagilia nyanya zake nusu tangi, sisi wengine tukabaki kukwangua matope. Mchicha wangu ulichumwa na mkono ambao hadi leo haujajitokeza. Watu wakaacha kusalimiana ngazini.

Nesi Mkuu akakaa ndani siku tatu akifikiri, kisha akatuita uani. Wodini, alisema, muuguzi hakabidhiwi ndugu yake, maana atamjali huyo peke yake na wagonjwa wengine watakauka. Kwa hiyo kuanzia msimu unaofuata hakuna mtu atakayegusa tuta lake mwenyewe. Siku ya kupanda tu ndiyo mwenye tuta atashika udongo wake, afukie mbegu anayotaka. Jioni yake tutapiga kura, na kila mmoja atapata tuta la mwenzake, awe mlezi wake hadi mavuno. Mavuno ni ya mwenye tuta. Lako litalelewa na mwingine, nawe kaa utulie.

Nilisema moyoni, mama huyu sasa amezeeka. Kumbe aliyekuwa mjinga ni mimi. Mwezi haukuisha jengo likajaa adabu. Ukikutana ngazini na mlezi wa tuta lako unampokea mfuko, unamuuliza mgongo wake unaendeleaje. Mlezi wangu wa kwanza nilimshonea pazia bila kuombwa. Na tangi likaacha kumalizwa ovyo, kwa sababu hakuna mwendawazimu wa kuiba maji akamwagilie nyanya za jirani.

Kanuni zote alizipaka kwa rangi nyekundu kwenye ubao uliotundikwa juu ya tangi. Zipo kumi na mbili. Ya kwanza mnaijua. Ya nne inasema maji ni kopo moja na nusu kila asubuhi, yasizidi wala kupungua. Ya saba, ambayo ndiyo iliyotuletea balaa, inasema mlezi asing'oe kitu chochote tutani mpaka apewe ruhusa na mwenye tuta, kwa kinywa chake mwenyewe. Hiyo ilitungwa baada ya Mwalimu, mstaafu wa hesabu wa ghorofa ya pili, kulipalilia tuta la dereva kutwa nzima kwa bidii, akang'oa karoti zote na kuacha nyasi. Ya kumi na mbili inasema kanuni hazibadilishwi katikati ya msimu. Mgonjwa, kwa maelezo ya Nesi, habadilishiwi dawa kabla hajamaliza dozi.

Sasa nije kwa Kinyozi. Ana duka lake ng'ambo ya kichochoro, mkabala na geti letu, na anakaa ghorofa ya pili mlango wa kushoto. Ni mtu mzuri, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Shida yake hawezi kufanya kazi bila kuzungumza, na akizungumza lazima amtazame anayezungumza naye, kwa hiyo maji aliyokuwa akimwagilia yalikuwa yakinywesha njia. Msimu uliotangulia kura ilimpa kabichi za Mwalimu, kumi na nne. Zilipoingiwa na wadudu, yeye bila kumwuliza mtu akazimwagia maji ya dawa anayosafishia mashine zake za kunyolea. Wadudu walikufa, hilo hakuna anayelipinga. Kabichi zikafuata siku ya pili.

Siku ya kupanda ya msimu huu ninaousimulia, asubuhi, Nesi Mkuu alishuka na kichupa cha vidonge kilichofutika maandishi. Ndani mlikuwa na maharage meusi yenye doa jeupe ubavuni. Yalikuwa ya mama yake. Mama yake aliyapanda kila mwaka hadi alipofariki, na Nesi aliyabeba kutoka nyumba moja ya wafanyakazi hadi nyingine, miaka yote ile ambayo hakuwa na udongo zaidi ya ule wa chungu cha maua. Kila baada ya miaka michache alimpelekea kaka yake kiganja kimoja apande, amrudishie mapya. Kaka naye ametangulia. Haya yalikuwa ya mwisho, na mbegu nayo huzeeka.

"Mwaka huu au basi, Fundi," aliniambia. "Mwakani hayataota."

Akayafukia yote kumi na moja, moja moja, akiwa amepiga magoti, mimi nikimshikia vijiti vya kuyategemeza. Sijawahi kumwona amepiga magoti kwa sababu nyingine.

Saa kumi tukakutana uani. Kabla ya kura Nesi husoma ripoti ya msimu uliopita, amesimama, daftari mkononi, kama anakabidhi wodi kwa zamu inayoingia. Siku hiyo Kinyozi alikuja na mama yake, bibi mdogo wa umbo aliyefika juzi yake kutoka shamba, amekuja kumtembelea mwanawe kwa wiki mbili. Kinyozi alimpa kiti cha mbele. Nadhani alikuwa amemsimulia mengi kuhusu bustani, maana bibi alikuwa akiyatazama matuta yale na kuitikia kwa kichwa kama mtu anayehakikisha alichoambiwa.

Nesi akafika kwenye kabichi. Angesoma idadi akapita, yangeisha. Lakini ulimi hauna mfupa. Akavua miwani, akasema, "Tumwelewe Kinyozi. Yeye amezoea nywele, na nywele huota zenyewe."

Uani pote watu wakacheka. Nami nilicheka, tena nikashika mbavu, siwezi kujitoa. Mama yake alicheka pia, mkono mdomoni. Kinyozi peke yake alikuwa anatazama viatu vyake. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wamesema waliotutangulia, lakini saa ile hakuna aliyekumbuka.

Kura ikapigwa papo hapo. Karatasi hukunjwa na kutiwa ndani ya kofia nyeupe ya Nesi, ile ya kazini, ambayo hadi leo imekakamaa kwa wanga. Kinyozi akatumbukiza mkono, akafungua karatasi, akaisoma mara mbili, akaikunja na kuitia mfuko wa shati pamoja na kitana chake.

"Nimepata la Nesi Mkuu," alisema.

Hilo ndilo neno la mwisho tulilolisikia kutoka kwake bustanini kwa muda wa wiki saba. Kesho yake asubuhi mama yake alifunga mzigo akarudi kwao.

Tulidhani Kinyozi atalitelekeza tuta, au atalimwagia dawa tena. Wapi! Alikuja kila siku saa kumi na mbili na nusu, akajaza kopo moja, akalimwagilia taratibu, amefunga mdomo. Kisha akatoa kikombe chake cha povu la ndevu, akapimia nusu kopo humo, akamalizia. Hakuzidisha, hakupunguza. Katika maharage kumi na moja yakaota tisa, na kwa wiki nzima Nesi alipanda ngazi kama msichana aliyefaulu mtihani.

Halafu yakaota na magugu. Magugu ya uwanja ule hayana haya. Wiki ya tatu yalikuwa magotini pa maharage, wiki ya nne mabegani. Kila asubuhi Kinyozi akimaliza kumwagilia alisimama kwenye ukingo wa tuta, mikono nyuma, macho mbele, kwa dakika tano. Alikuwa anasubiri ruhusa. Juu yangu nasikia dirisha la Nesi linafunguka, pazia linasogea, na ruhusa haitoki. Dakika tano zikiisha anachukua kopo lake anakwenda kufungua duka. Siku hizo nilishona kola mbili nje ndani kwa sababu yao.

Jengo likagawanyika. Ghorofa ya pili walisema Kinyozi ana haki, ghorofa ya kwanza wakasema mtu mzima hanuniwi. Wanaume wetu wakaogopa kuonekana na Nesi wakitoka dukani mle, na kwingine kunyoa wakaona ni kumsaliti jirani, wakaishia kufuga nywele. Mwalimu, ambaye kichwa chake ni upara juu na nywele pembeni, alikuwa na masikio mawili ya manyoya. Watoto wa mtaani wakaanza kumwita jina, sitalitaja.

Siku moja nikaitwa juu. Nesi akanituma nimwambie yule bwana ang'oe. Nikavuka kichochoro nikamwambia. Kinyozi hakusimamisha mkasi. "Dada Fundi," alisema, "kasome ya saba." Sikuwa na haja ya kuisoma, naiona kila nikiinua kichwa. Nikapanda ngazi tena kumweleza Nesi kwamba lazima kiwe kinywa chake mwenyewe. Akaniambia anajua kilichoandikwa, aliyekiandika ni yeye. Mwalimu akajitolea kuitisha mkutano wa dharura ili ya saba ibadilishwe, Nesi akamwuliza kama amesahau ya kumi na mbili. Mtu wa kujifunga kamba kwa mikono yake namna ile sijamwona.

Nikapata wazo. Nikampa simu yangu, nikamwambia aseme humo neno moja tu, mimi nitakwenda kumsikilizisha Kinyozi, na kinywa kitakuwa chake. Akaishika kwa vidole viwili kama kipimajoto, akajifungia chumbani. Alipotoka nikasikiliza alichorekodi. Kilikuwa pumzi, sekunde arobaini, na kikohozi kimoja katikati.

Hapo hasira zikanipanda. Nikamwuliza, mama, neno lenyewe ni "ng'oa", linamshindaje mtu aliyewahi kuwafokea madaktari? Akakaa kitandani, kwenye lile shuka lisilokaliwa.

"Nikifungua kinywa mbele yake," alisema, "neno la kwanza haliwezi kuwa magugu."

Nilikuwa nimedhani ni kiburi, na kiburi kilikuwepo, tena cha kutosha kijiji. Lakini chini yake palikuwa na aibu. Aliniambia kwamba tangu siku ya mkutano kila akifumba macho anakiona kile kiti cha mbele. Kumtania mtu mbele ya majirani ni jambo moja, mbele ya mama yake ni jingine. Na samahani ni neno ambalo hakuwahi kulifanyia mazoezi. Miaka thelathini na nane alimwambia mtu "hutaumia", akachoma, akaondoka.

Wiki ya tano nilivuta pazia asubuhi nikamwona Kinyozi amepiga magoti tutani, mkasi mkono mmoja, kitana mkono wa pili. Alikuwa anayanyoa magugu. Kanuni ilikataza kung'oa; kukata haikukutaja. Alianzia mwanzo wa tuta, ananyanyua kishungi kwa kitana, anakata karibu na udongo, anapuliza. Akifika kwenye mche wa maharage alipunguza mwendo, akauzunguka kwa ncha ya mkasi kama anavyozunguka sikio la mteja. Alipomaliza tuta lilikuwa nadhifu kama kichwa cha askari mpya. Akajikung'uta magoti, akasimama dakika tano zake, akaenda zake.

Nesi akashuka na miwani. Kwanza alikwenda kwenye ubao, akausoma kuanzia ya kwanza hadi ya kumi na mbili, akitafuta kosa. Hakulipata. Kisha akasimama mbele ya tuta muda mrefu, mikono ameikunja kifuani ili isije ikamponyoka. Miche yote tisa ilikuwepo.

"Hajakata hata mmoja," aliniambia kupitia dirishani, na sauti yake haikuwa ile ya wodini.

Lakini kinachonyolewa huota tena. Siku nane tu na magugu yakarudi mazito zaidi, mizizi imenenepa chini kwa chini, na maharage, yaliyokuwa yanatia maua, yakaanza kupiga manjano. Kinyozi akanyoa tena. Yakarudi tena. Mkasi ulikuwa umefika mwisho wa ujuzi wake. Ijumaa moja Nesi aliona majani matatu yamedondoka, akaingia chumbani kwangu bila hodi, akaniambia nikae kwenye kiti pale, mimi ni Kinyozi.

Nikakaa. Akasimama mbele yangu, akajinyoosha, akasema, "Samahani, lakini kabichi kumi na nne zilikufa."

Nikamwambia atoe kabichi.

"Samahani kama ulikasirika."

Nikamwambia atoe "kama". Akaniuliza tangu lini nimekuwa mtaalamu wa mambo haya. Nikamjibu nimeolewa mara mbili, samahani nazijua kwa vipimo, na hiyo yake inabana kwapani. Mara ya nne aliniomba msamaha na hapo hapo akanikemea kwa kukaa nimepinda mgongo. Mara ya sita alilia kidogo, akasema ni vumbi la vitambaa. Mara ya nane ikatoka fupi, imenyooka. Akasema basi, kesho asubuhi, kabla haijapoa.

Aliniomba nimsindikize hadi mlangoni pa duka. Mlangoni nikaingia, hakuna aliyenikataza. Watu watatu walikuwa kwenye benchi, na mmoja wao akainuka kumpisha mbele. Nesi akakataa. Akakaa mwisho wa foleni, mkoba magotini, zaidi ya saa nzima, naye Kinyozi akamaliza kichwa kimoja akaingia kingine bila kutazama upande wetu. Hakuna aliyefungua mdomo. Duka la kinyozi likiwa kimya siku ya Jumamosi, wapita njia huchungulia kujua nani amefariki.

Zamu yake ikafika, akakaa kwenye kiti. Kinyozi, kwa mazoea tu, akamfunga kitambaa shingoni na kukiuliza kioo, "Tunyoe vipi?"

Nesi naye akakijibu kioo. "Siku ya mkutano nilikufanya kichekesho mbele ya mama yako. Sikuwa na haki. Nisamehe."

Hakukuwa na kabichi, hakukuwa na "kama". Nilitaka kupiga makofi, nikajizuia.

Kinyozi akaweka mkasi chini. Akasema yeye amesikia na ameshapokea. Lakini aliyekuja kukaa wiki mbili akakaa siku tatu si yeye. Akatoa simu, akapiga, akafungua sauti na kuisimamisha kwenye rafu ya kioo, katikati ya poda na brashi.

Mama yake akapokea. Wakasalimiana kwa urefu, maana bibi hakubali kufupishiwa salamu, kisha Nesi akarudia maneno yale yale, ameiinamia simu, kitambaa kikiwa bado shingoni. Upande wa pili tukasikia kuku tu. Halafu bibi akauliza kabichi zenyewe zilikuwa ngapi.

"Kumi na nne," alisema Nesi.

"Basi alijitahidi," alisema bibi. "Hapa kwangu alipalilia shamba la mahindi, akayafyeka mahindi na kuacha majani. Unafikiri mashine yake ya kwanza ya kunyolea alinunuliwa na nani, na kwa nini?"

Benchi zima likaangua kicheko. Kinyozi mwenyewe midomo ilimcheza. Lakini bibi hakuwa amemaliza, na sauti yake ikashuka.

"Sikuondoka kwa hasira, dada yangu. Niliondoka kwa sababu nilicheka. Watu wanamcheka mwanangu, na mimi mama yake nimo. Asubuhi akinimiminia chai nikashindwa kumtazama." Halafu akamgeukia mwanawe. "Nisamehe, baba."

Kinyozi akageukia ukuta, akaanza kuinyoosha kalenda ambayo haikuwa imepinda. Aliinyoosha muda mrefu. Tulimwachia, kila mtu akatafuta cha kutazama, na mimi nikatazama sakafu iliyojaa nywele huku nikikumbuka jinsi nilivyoshika mbavu siku ile.

"Yameisha, mama," alisema hatimaye, na hatukujua anamwambia mama yupi.

Nesi alipangusa miwani kwa kile kitambaa cha kunyolea, akajipaka vinywele vya watu kwenye vioo vyote viwili. Kisha akasema kwa sauti yake ya kazini, "Sasa magugu. Yang'oe."

"Ruhusa imepokelewa," alisema Kinyozi, akaanza kumfungua kitambaa. Nesi akamshika mkono. Amekaa foleni zaidi ya saa nzima, alisema, na hatoki hapo bila kunyolewa.

Alasiri jengo zima lilishuka uani, hata dereva aliahirisha safari. Nesi alisimama kwenye ukingo wa tuta, kichwa chake kipya kikimetameta juani. Kinyozi akakunja mikono ya shati, akashika gugu la kwanza, akavuta. Likatoka vizuri. La pili likatoka. La tatu lilikuwa na mzizi wa unene wa kidole gumba. Akalikazia miguu, akavuta kwa nguvu zake zote, na likatoka pamoja na miche miwili ya maharage yenye maua, mizizi imesokotana na mizizi.

Akabaki amesimama nayo mkononi. Niliona taya la Nesi likicheza, na nikayajua maneno yaliyokuwa yamefika mlangoni, kwa sababu na mimi nilikuwa nayo. Aliitazama ile miche miwili, mbegu za mama yake, miaka yote ile ndani ya kichupa. Akameza.

"Endelea," alisema. "Hayo magugu mengine, chimbua kwanza pembeni kwa kijiko."

Kijiko kilitoka kwangu, na hakijarudi hadi leo. Miche saba ikabaki, ikapanda vijiti vyake, ikazaa. Maganda yalipokauka Nesi aliketi ngazini na sinia akayapukuchua mwenyewe, hakutaka msaada wa mtu. Hakuna aliyeonja hata moja. Yalijaza vichupa viwili. Na msimu ulipokwisha, si kabla, alichukua brashi na rangi nyekundu akaiongezea kanuni ya saba mstari unaohusu kijiko.

Kichupa kimoja kiko juu ya kabati lake. Cha pili alikifunga kwa kitambaa nilichokikata mimi, akabandika karatasi nje, kwa ule mwandiko wa chati za wagonjwa unaosomeka kutoka mlangoni, akampa Kinyozi akipeleke stendi kiende kwa mama yake. Kinyozi aliisoma karatasi ile akiwa amesimama mbele ya dirisha langu, kwa hiyo na mimi niliisoma. Ilisema: "Dada yangu, haya ni ya mama yangu. Panda kila mwaka. Ya kwangu yakipotea, wewe utanirudishia. Usimpe mwanao ashike."

Aliisoma mara mbili, kama ile karatasi ya kura. Akakitia kichupa mfuko wa shati pamoja na kitana chake, akaelekea stendi, na kila aliyekutana naye njiani alisimamishwa akaonyeshwa ile karatasi.